Kabla Mtoto Hajabonyeza "Nunua": Kuisoma Alama ya Umri na Kuitambua Kamari Ndani ya Gemu

Mwaka 2024 gemu ya karata iitwayo Balatro ilikuwa na alama ya miaka 18 barani Ulaya. Gemu hiyo haina dau la pesa. Ukishainunua, hakuna kitu kingine cha kulipia ndani yake. Iliponzwa na karata za poka. Mwaka huohuo EA Sports FC 25, ile ya mpira inayochezwa kuanzia Umoja hadi Kawangware, iliingia sokoni na alama ya miaka 3, ilhali ndani yake mnauzwa pakiti za wachezaji kwa pesa halisi na anayenunua hajui atatoka na nani. Wenye Balatro walikata rufaa, na Februari 2025 ikateremshwa hadi 12. Pakiti za mpira ziliendelea kuuzwa chini ya alama ya miaka 3.

Ninaanza na mfano huo kwa sababu wazazi wengi hapa Nairobi, hata wale makini kabisa, huangalia namba iliyo kwenye kasha na kutosheka. Namba ile husema zaidi kuhusu kinachoonekana: damu, uchi, matusi, meza ya kamari iliyochorwa. Kuhusu jinsi gemu inavyochota pesa za mtoto, mara nyingi namba iko kimya. Mwongozo huu ni wa mzazi, shangazi, mjomba, dada mkubwa, yeyote ambaye simu yake huombwa kila jioni.

Hatua ya 1: Jua alama ni ya nani

Diski zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue hutoka pande nyingi, kwa hiyo makasha mawili ya gemu moja yanaweza kuwa na alama mbili tofauti. Namba 3, 7, 12, 16 na 18 ni za PEGI, mfumo wa Ulaya ulioanza 2003. Herufi E, E10+, T, M na AO ni za ESRB ya Marekani, iliyoanzishwa 1994: E ni ya kila mtu, T ni kuanzia miaka 13, M kuanzia 17, na AO ni ya watu wazima pekee. Diski ya Afrika Kusini huja na alama za huko. Alama za KFCB, bodi ya filamu ya Kenya, tunazozijua kwenye filamu, yaani GE, PG, 16 na 18, usizitarajie kwenye kasha la gemu kutoka ng'ambo.

Kwenye simu mambo ni mengine. Namba unayoiona Play Store hapa Kenya, yaani 3, 7, 12, 16 au 18, hutolewa na mfumo wa kimataifa uitwao IARC. Mtengenezaji hujaza fomu ya maswali kuhusu gemu yake, na majibu yake ndiyo yanayozaa namba. Hakuna mtu anayekaa kucheza kila gemu kabla haijapakiwa, kwa hiyo ichukulie namba hiyo kama kauli ya mwenye mali. Apple nayo ina viwango vyake, ilivyovibadilisha mwaka 2025 kutoka 4, 9, 12 na 17 hadi 4, 9, 13, 16 na 18.

Gemu ya kunakiliwa, ile unayowekewa kwenye kompyuta au flashi, haina alama yoyote. Tafuta jina lake mtandaoni ukiongeza neno PEGI au ESRB. Ni muhimu hasa kwa GTA, ambayo wazazi wengi huijua kama gemu ya magari. GTA V ni 18 kwa PEGI na M kwa ESRB. GTA San Andreas, ambayo bado inachezwa sana mjini humu kwenye mashine kuukuu, ilipandishwa kutoka M hadi AO Julai 2005 baada ya watu kugundua sehemu ya ngono iliyofichwa ndani ya diski. Na hata bila sehemu hiyo, gemu ile ina mji mzima wa kasino ambamo mchezaji huweka dau.

Hatua ya 2: Soma mstari mdogo chini ya namba

Hapa ndipo penye habari unayoitafuta, na ndipo wengi hawafiki.

PEGI wana alama ya dadu, maana yake gemu inafundisha au inahimiza kamari. Tangu 2020 gemu mpya yenye alama hiyo hupewa 18 moja kwa moja. Za zamani zilibaki na 12 au 16 zake. ESRB hutofautisha kamari ya kuigiza, ambapo hakuna pesa halisi, na kamari ya kweli.

Alama ya pili ni ya ununuzi ndani ya gemu. Peke yake haitishi sana: huenda mtoto ananunua jezi anayoiona mbele yake kwa bei anayoijua. Lakini tangu Aprili 2020 PEGI na ESRB wote wawili huongeza maneno mengine machache pale inapohusika, yanayosema kwamba ununuzi huo unajumuisha vitu vya kubahatisha. Hayo ndiyo maneno ya kutafuta. EA Sports FC 25 inayo, chini ya ile 3 yake. Ukiyaona, jua kwamba kuna kitu mtoto atalipia kabla ya kujua ni nini, hata namba iwe ndogo kiasi gani.

Kama ungependa maoni makali zaidi, angalia Australia wanasemaje kuhusu gemu unayoichunguza. Kuanzia 22 Septemba 2024, gemu mpya inayouza vitu vya kubahatisha kwa pesa haiwezi kupata chini ya M huko, kiwango ambacho hakishauriwi kwa walio chini ya miaka 15, na gemu yenye kamari ya kuigiza hupewa R18+. Orodha yao iko wazi mtandaoni. Gemu iliyoainishwa kabla ya tarehe hiyo huenda bado ina alama ya zamani, kwa hiyo angalia mwaka pia.

Hatua ya 3: Kaa na gemu yenyewe, uanzie dukani

Hatua hii ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Alama zinaweza kukosea, lakini duka lililo ndani ya gemu halijifichi. Mwambie mtoto akuonyeshe, na umwombe kama mtu anayetaka kujifunza.

"Mama, hii ni ya bure tu."

"Sawa, mwanangu. Nionyeshe ukitaka ile nguo ya dhahabu unabonyeza wapi."

Atakuonyesha, na atafurahi kuulizwa. Wakati anaonyesha, fuatilia pesa. Katika Free Fire shilingi hugeuka daimondi. Katika Roblox hugeuka Robux. Mara nyingi daimondi nazo hugeuka tiketi, na tiketi ndiyo inayozungusha gurudumu. Kila mgeuzo unafuta bei kichwani mwa mtoto. Chukua karatasi muirudishe bei kwenye shilingi pamoja: kifurushi hiki kinauzwa shilingi ngapi, kina daimondi ngapi, kuzungusha mara moja kunakula ngapi. Ukishaandika kwamba mzunguko mmoja ni sawa na nauli ya matatu kwenda shule na kurudi, mazungumzo hubadilika.

Halafu tafuta kitufe kidogo chenye alama ya kuuliza au herufi i karibu na gurudumu au sanduku la bahati, lile linalolipiwa kabla ya kujua lina nini. Apple iliwalazimisha watengenezaji kuonyesha uwezekano wa kupata kila kitu kuanzia Desemba 2017, na Google ikafuata 2019. Wengi wamezificha namba hizo kurasa mbili tatu ndani, lakini zipo. Ukiona asilimia 1, usimwache mtoto aamini kwamba akifungua mara 100 atapata. Kati ya watu 100 watakaofungua mara 100 kila mmoja, takriban 37 watatoka mikono mitupu. Mtoto asipoelewa, leteni dadu ya ludo. Kila mmoja arushe mara sita akitafuta sita. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hataipata hata mara moja, na wengi hushangaa wakiona hivyo kwa macho yao.

Mfano wa gharama halisi ni Counter-Strike, gemu ya kupigana kwa bunduki. Sanduku lake la bahati, liitwalo kasha, hufunguliwa kwa ufunguo wa dola 2.49, kama Sh320. China ilipowalazimisha wenye gemu kutangaza uwezekano mwaka 2017, ilijulikana kwamba nafasi ya kupata kisu, kile kitu adimu kinachotafutwa na kila mtu, ni asilimia 0.26. Kwa wastani hayo ni makasha 385 kwa kisu kimoja, na funguo zake zinapita Sh120,000. Huo ni wastani. Wapo wanaopita hapo bila kukiona.

Kuna gemu zinazoahidi kwamba ukifika idadi fulani utapata kwa lazima. Genshin Impact ina nafasi ya asilimia 0.6 kwa mhusika wa nyota tano, yaani wa daraja la adimu zaidi, na hakikisho ukijaribu mara 90. Inaonekana kama huruma kwa mchezaji, lakini mwangalie kijana aliyefika mara 70. Hawezi tena kuacha, kwa sababu akiacha anaona amepoteza zote 70. Isitoshe, nyota tano atakazopata mwishoni huenda zisiwe za mhusika aliyemtaka. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na wauzaji wa gemu hii: walipe dola milioni 20, na wasiwauzie masanduku ya bahati walio chini ya miaka 16 bila ridhaa ya mzazi.

Endelea kutazama skrini. Gurudumu likipunguza mwendo, linaelekea kusimama karibu kabisa na zawadi kubwa? Taa na muziki ni vilevile hata mtoto akipata kitu hafifu? Kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, "ofa inaisha baada ya dakika 14"? Mwanasaikolojia B.F. Skinner alionyesha karne iliyopita kwamba mnyama anayepewa chakula bila mpangilio anaoweza kuutabiri huendelea kubonyeza kwa muda mrefu hata chakula kikikoma kuja. Mashine za sloti zinajengwa juu ya jambo hilo, na masanduku haya vilevile. Kisha tazama juu ya skrini, ule ujumbe unaopita ukisema fulani amepata bunduki ya dhahabu sasa hivi. Mkazi yeyote wa Nairobi aliyewahi kusimama kwenye pata potea, ule mchezo wa kubahatisha wa mitaani, anamjua huyo: ni yule jamaa wa pembeni anayeshinda kwa kelele ili wewe utoe noti yako.

Swali la mwisho la hatua hii: kilichopatikana kinaweza kuuzwa? Katika gemu nyingi jezi au bunduki haitoki ndani ya akaunti. Katika Counter-Strike, skini, yaani mapambo ya silaha, huuzwa na kununuliwa, na zipo tovuti za nje zinazozipokea kama dau. Pakifika hapo, mtoto yuko kwenye kamari kamili. GTA Online nayo ilifungua kasino mwaka 2019 ambamo pesa za gemu, zinazonunulika kwa pesa halisi, hubadilishwa kuwa chipu. Katika nchi nyingi sehemu hiyo ilifungiwa.

Na ile Aviator, kindege kinachopaa huku namba ikipanda mpaka kinapopotea, usihangaike kutafuta alama yake ya umri. Huo ni mchezo wa kampuni za kamari, wenye pesa halisi, na sheria ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ukiikuta kwenye simu ya mtoto wa gredi ya nane, swali la kwanza ni akaunti imefunguliwa kwa laini na kitambulisho cha nani.

Usitegemee kwamba dunia imeshakubaliana kuhusu haya yote. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati yanayolipiwa ni kamari haramu, na EA, wenye ile gemu ya mpira, ambayo zamani iliitwa FIFA, ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti Januari 2019. Uholanzi iliitoza EA faini ya euro milioni 10, na mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala ikaifuta mwaka 2022. Nchi jirani, gemu ileile, majibu mawili.

Hatua ya 4: Funga njia za pesa

Nyumba nyingi hapa mtoto huchezea simu ya mzazi, na simu hiyohiyo ndiyo benki ya familia. Kwa hiyo anza na PIN ya M-Pesa. Kama mtoto huwa anatumwa kununua tokeni za stima au kulipa dukani kwa simu yako, anaijua. Ibadilishe leo. Na kama umejiunga na Fuliza, kumbuka kwamba salio likiisha ununuzi unaweza kuendelea kwa mkopo.

Kisha ingia Play Store, bonyeza picha ya wasifu wako juu kulia, nenda Mipangilio. Weka uthibitisho utakiwe kwa kila ununuzi, wala usichague ule wa kila nusu saa, maana nusu saa inatosha kwa mengi. Hapo hapo chini ya Familia kuna vidhibiti vya wazazi: viwashe, weka PIN ambayo si ya M-Pesa wala mwaka wa kuzaliwa wa mtoto, chagua umri. Ukimaliza, rudi kwenye sehemu ya malipo uone kilichounganishwa: M-Pesa, kadi ya benki, au kulipa kwa salio la laini. Hili la salio la laini husahaulika, na halihitaji PIN ya M-Pesa. Usichokitumia, kiondoe. Kama una GlobalPay, ile kadi ya M-Pesa ya kulipia mtandaoni, isimamishe kwenye programu ya M-Pesa wakati huitumii.

Kwa iPhone, ingia Muda wa Skrini, kisha vizuizi vya maudhui na faragha, na ukatae ununuzi wa ndani ya programu.

Kwa PlayStation, mfungulie mtoto akaunti yake chini ya yako, yenye tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na uweke kikomo cha matumizi kwa mwezi. Kikomo kinaweza kuwa sifuri. Akaunti nyingi za Nairobi zimefunguliwa kana kwamba mwenyewe yuko Uingereza, Marekani au Afrika Kusini, mara nyingi na kijana mwenyewe aliyejiandikisha kama mtu mzima. Akiwa amejiandikisha kama mtu mzima, vizuizi vyote vya umri vimezimika.

Usidhani kufunga huku ni kwa ajili ya watoto watundu tu. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja nchini Marekani, kwa sababu vitufe vilipangwa hivi kwamba watu walinunua bila kukusudia.

Njia moja haizuiliwi na mpangilio wowote: wauzaji wa daimondi wa WhatsApp. Mtoto hutuma namba yake ya mchezaji, anatuma pesa kwa M-Pesa, anawekewa. Wengine humwomba na nenosiri la akaunti, na hapo akaunti huenda isirudi. Mweleze mtoto jambo hili waziwazi, kabla hajakutana nao.

Hatua ya 5: Pita kibandani

Ulichokifunga nyumbani huenda kiko wazi kwenye kibanda cha PlayStation cha mtaa. Nenda mchana, likizo au Jumamosi, uketi kidogo. Angalia gemu zilizo kwenye skrini na umri wa waliokaa. Sikiliza sheria ya malipo. Mahali ambapo anayefungwa ndiye anayelipia mechi, au ambapo vijana huwekeana hamsini hamsini kando, mpira wa kwenye skrini umekuwa dau, na watoto wadogo ndio wanaofungwa.

Ongea na mwenye kibanda kwa heshima. Ni biashara yake. Ombi dogo na mahususi husikika kuliko lawama: "Kaka, huyu wangu ana miaka kumi na mmoja. Acheze mpira na mbio za magari, GTA usimwekee, na alipe zamu yake mwenyewe hata akifunga." Wengi wataitikia, "Sawa, Mama Brayo," na watakumbuka, kwa sababu mzazi aliyefika mara moja anaweza kufika tena.

Hatua ya 6: Kama pesa zimeshatoka

Fanya haraka. Usifute ujumbe wa M-Pesa wala risiti ya barua pepe. Kwa Google, omba kurudishiwa ndani ya saa 48 kupitia historia ya maagizo kwenye Play Store. Ukichelewa utaelekezwa kwa mtengenezaji. Malipo ambayo si wewe wala mtu wa nyumbani kwako aliyeyafanya huripotiwa ndani ya siku 120. Apple wana ukurasa wao wa kuripoti tatizo la ununuzi, na huingia kwa akaunti ileile iliyonunua.

Kisha keti na mtoto. Fimbo itamfundisha kuficha simu vizuri zaidi. Muulize alikuwa anatafuta nini, alizungusha mara ngapi, na alijisikiaje alipokosa. Majibu hayo yatakuonyesha kama ni udadisi wa siku moja au kitu kinachomsumbua. Akiwa anaamka usiku kucheza, anachukua pesa za watu nyumbani, au anakasirika kupita kiasi anapozuiwa, tafuta msaada mapema: mwalimu mshauri wa shule yake, au simu ya watoto 116, ambayo ni bure na inapokelewa mchana na usiku. Mzazi anaweza kuipiga, na mtoto mwenyewe pia.